Tangi Lisilotaka Kujaa: Sababu za Motokaa ya Nyumba Kupokea Petroli kwa Taabu

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo linalowasumbua wengi wenye motokaa za nyumba, nalo ni tangi la petroli lijazwalo kwa taabu. Mtu hufika penye pampu, akautia mdomo wa mpira katika tundu la tangi, akabana kishikio; petroli huingia kidogo tu, kisha pampu hujikata. Abanapo tena, hujikata tena. Mara nyingine petroli hurudi na kumrukia mikononi, na nyuma yake watu wamekwisha panga safu wakingojea zamu yao. Twataka kueleza asili ya taabu hii, na jinsi ya kuitafuta sababu yake kwa taratibu; kwani mwenye kuifahamu kazi ya tangi hatatumia nguvu mahali pasipotakiwa nguvu, wala hatatoa fedha kununua kitu kipya badala ya kitu kisicho na kosa.

Motokaa ya nyumba ni gari kubwa lenye kitanda, jiko, choo na maji ndani yake, hata watu waweza kusafiri siku nyingi pasipo kutafuta malazi. Magari haya hupendwa sana Marekani, Kanada na Ulaya. Huko Marekani mengi hujengwa juu ya chesisi ya lori dogo, kama vile Ford E-450, ambayo tangi lake huweza kuchukua galani 55 za Kimarekani, yaani lita 208 hivi. Sheria ya nchi hiyo, iliyoanza kuwashika wauzaji wakubwa mwaka 1996, yasema kwamba pampu ya petroli isitoe zaidi ya galani 10 kwa dakika moja, yaani lita 38 hivi. Tukifanya hesabu, twaona ya kuwa tangi tupu la galani 55 laweza kujaa kwa muda wa dakika sita pampu ikitoa kiasi chake chote. Pampu nyingi hutoa pungufu ya kiasi hicho, basi dakika nane au kumi si ajabu. Lakini mtu akisimama nusu saa nzima, hapo pana kosa, na kosa hilo yafaa litafutwe.

PUMZI YA TANGI

Jambo la kwanza la kushika ni hili: tangi tupu si tupu. Limejaa hewa na mvuke wa petroli. Kila lita moja ya petroli iingiayo, lita moja ya hewa haina budi kutoka. Pampu itoapo lita 38 kwa dakika, lita 38 za hewa zatakiwa kutoka katika dakika iyo hiyo. Hewa ikikosa njia, petroli nayo hukosa mahali pa kukaa.

Kila mtu aliyepata kuteka maji mtoni kwa kibuyu ameliona jambo hili kwa macho yake. Kibuyu chenye shingo nyembamba kikizamishwa wima, hulia na kutoa mapovu, na maji huingia kwa kusitasita. Sababu yake ni kwamba maji na hewa hushindana katika mlango mmoja. Kikilazwa upande kidogo, maji hupita chini na hewa hupita juu, nacho hujaa upesi bila kelele. Wajerumani walilifikiri jambo hili walipotengeneza dumu lao la petroli mwaka 1937, lile ambalo baadaye liliigwa na majeshi mengi ya dunia. Ndani ya shingo yake waliweka njia ndogo ya hewa, ili petroli imiminike sawasawa pasipo kurukaruka.

Tangi la motokaa limetengenezwa kwa akili iyo hiyo. Aghalabu lina njia mbili zitokazo kwenye tundu la kutilia: mpira mnene wa kupitisha petroli, na mrija mwembamba wa kurudisha hewa juu. Mrija huo mwembamba ndio pua ya tangi. Basi tangi linaposhindwa kujaa upesi, tusiseme ya kuwa limekataa petroli. Mara nyingi limeshindwa kutoa pumzi.

JINSI PAMPU INAVYOJIKATA

Jambo la pili ni kuifahamu pampu. Wengi hudhani ya kuwa pampu hujua tangi limejaa. Lakini haijui hata kidogo. Karibu na ncha ya mdomo wa pampu pana tundu dogo, na kutoka hapo kuna mrija mwembamba uendao mpaka ndani ya kishikio. Mwaka 1797 mtaalamu wa Kiitalia aitwaye Giovanni Battista Venturi alieleza ya kuwa maji yapitapo mahali pembamba huenda mbio zaidi, na msukumo wake hupungua. Ndani ya mdomo wa pampu pana mahali pembamba namna hiyo. Petroli ipitapo hapo huvuta hewa kupitia lile tundu dogo. Maadamu hewa yapatikana, kazi huendelea. Tundu likizibwa na petroli, hewa hukoma, na ule mvuto hukivuta kiwambo chembamba kilicho ndani; kiwambo nacho hukifungua kibano, na pampu hujikata. Kazi hii yote hutendeka pasipo umeme.

Kwa hiyo petroli ikiigusa ncha ya pampu kwa sababu yoyote, pampu itajikata, hata kama tangi ni tupu kabisa. Petroli iliyokwama shingoni, au iliyorushwa nyuma na hewa itafutayo njia, huikata pampu sawasawa na petroli ya tangi lililojaa. Ndiyo maana sababu nyingi mbalimbali huonyesha dalili moja tu.

KWA NINI MOTOKAA YA NYUMBA HASA

Motokaa ndogo hutengenezwa kiwandani yote pamoja, na tundu la tangi huwekwa mahali panapolifaa tangi. Motokaa ya nyumba ina wajenzi wawili. Wa kwanza hutoa chesisi pamoja na injini na tangi. Wa pili hujenga nyumba juu yake, naye ndiye atobowaye tundu la petroli katika ukuta, mahali panapopatana na vitanda na makabati. Tangi huweza kuwa katikati ya vyuma viwili virefu vya chesisi, na tundu likawa mbali ubavuni. Hapo mpira huwa mrefu, nao hulazimika kupita juu ya chuma hiki na chini ya kile. Ikiwa tundu limezidi kimo cha tangi kwa kidogo tu, mpira hulala karibu sawa na ardhi, na petroli husita njiani.

Jambo hili si geni kwa wenyeji wa Afrika Mashariki, ambako mabasi mengi hujengwa vivyo hivyo: chesisi ya lori hutoka kiwanda kimoja, na mwili wa basi hujengwa na mafundi wengine. Kazi ya kila mmoja yaweza kuwa njema, bali kosa likakaa pale zinapokutana kazi mbili.

KUITAFUTA SABABU

Yafaa kuanza na mambo yasiyogharimu kitu. Kwanza, tuijaribu pampu nyingine, na hasa kituo kingine. Pampu yenye chujio chafu hutoa petroli polepole kwa kila gari. Kama taabu ni ya kituo kimoja tu, gari halina kosa. Kama yatufuata kila tuendako, kosa ni letu.

Pili, tubadilishe namna ya kuushika mdomo wa pampu. Tusiuzamishe mpaka mwisho. Tuurudishe nyuma kidogo, ila ubaki umeingia barabara usije ukachomoka. Kisha tuugeuze upande, robo ya duara, kulia au kushoto. Shingo nyingi za motokaa za nyumba zina kona karibu na tundu, na petroli itokayo kwa nguvu huupiga ukuta wa kona hiyo ikarudi. Mdomo ukigeuzwa, petroli hufuata upande na kuiachia hewa nafasi, kama kibuyu kilicholazwa. Tena tubane kishikio nusu tu. Kama tangi lapokea vema kwa mwendo wa nusu, twajua ya kuwa njia ya hewa ipo, ila ni nyembamba.

Tatu, tutazame jinsi gari lilivyosimama. Likiinama upande wa tundu, tundu hushuka na tangi hupanda, na mteremko mdogo uliokuwapo hupotea. Tuchague pampu ambayo upande wa tundu utakuwa juu, au walau sawa.

Wenye injini za dizeli wana jambo lao la kuangalia. Pampu za malori makubwa zina midomo minene na hutoa mafuta mbio kuliko zile za motokaa ndogo, na dizeli hutoa povu. Tangi linalopokea vema katika pampu ndogo laweza kurusha povu katika pampu ya malori. Dawa yake ni kupunguza mwendo au kutumia pampu ndogo. Huo si ugonjwa wa tangi.

Yakiisha hayo na taabu ikabaki, ndipo tuingie chini ya gari. Gari lisimame mahali pa wazi na tambarare, injini iwe imepoa, breki imefungwa na magurudumu yamewekewa vizuizi. Tuufuate mpira mnene toka tundu mpaka tangi, kwa macho na kwa mkono. Kanuni yake ni moja: uteremke wote, usipande popote. Ukilegea katikati, hufanya bonde, na petroli hukaa humo kama maji ya mvua katika njia mbovu. Ukikunjwa penye kona, nafasi yake hupungua. Mara nyingi dawa ni kuukata mpira uliozidi urefu, au kuuinua na kuufunga kwa vishikizo, kazi ya saa moja.

Kisha tuufuate mrija wa hewa kwa uangalifu zaidi, kwani ndio mkosaji wa mara nyingi. Mrija huu ni mwembamba, nao huning'inia kwa urahisi. Bonde dogo ndani yake likishika petroli kikombe kimoja tu, njia ya hewa imezibwa. Hewa itokayo tangini hulazimika kuisukuma petroli hiyo mpaka juu, ikaitema penye tundu, na pampu ikajikata. Mwenye gari huona petroli ikimrukia, akadhani tangi limejaa. Tuutazame pia kama umebanwa baina ya mbao na chuma, au kama kibano chake kimekazwa kupita kiasi hata kikaubinya.

Mpira wa zamani huweza kuwa mzima kwa nje na mgonjwa kwa ndani. Petroli nyingi iuzwayo Marekani siku hizi huchanganywa na alkoholi kiasi cha sehemu moja katika kumi, na mipira ya kale haikutengenezwa kwa mchanganyiko huo. Tabaka la ndani hulainika, likabanduka na kuning'inia kama ulimi. Mpira wa namna hii hautengenezeki, hubadilishwa. Nao ubadilishwe kwa mpira uliotengenezwa kwa petroli, usiwe wa maji ya bustani wala wa rejeta, kwani hiyo huharibiwa na petroli upesi.

MKEBE WA MAKAA NA WADUDU

Magari ya sasa yana kitu kingine, nacho ni mkebe uliojaa makaa maalumu. Kazi yake ni kuunasa mvuke wa petroli usitoke hewani, kisha injini iwapo kazini huuvuta mvuke huo na kuuteketeza. Katika magari mengi mapya, hata hewa itokayo wakati wa kujaza hupitishwa katika mkebe huu. Magari madogo ya Marekani yalianza kuwekewa mpango huo kwa modeli za mwaka 1998, na makubwa zaidi yakafuata. Mkebe ukizibwa, tangi hukosa pumzi, ijapokuwa mipira yote ni mizima.

Mkebe huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni tabia yetu wenyewe ya kuongeza petroli baada ya pampu kujikata, tukitaka kupata hesabu kamili ya fedha au kulijaza tangi pomoni. Petroli ya ziada huingia katika mirija ya mvuke, ikafika penye makaa na kuyalowesha. Makaa yaliyolowa hayapitishi hewa vema. Basi tangi likiwa zima, mkato wa kwanza wa pampu ndio mwisho wa kazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta: lita moja ya ziada yaweza kudai bei ya mkebe mzima.

Njia ya pili ni wadudu. Motokaa ya nyumba hukaa miezi mingi pasipo kutumiwa, hasa wakati wa baridi, na nyigu wajengao kwa udongo hupenda mirija iliyo wazi. Buibui nao ni hodari. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliyaita magari yake yapata 50,000 huko Marekani yarudi kutengenezwa, kwa sababu buibui wa aina moja, wa rangi ya manjano, avutwaye na harufu ya petroli, alisuka utando katika mrija wa hewa. Mrija wa namna hiyo ukizibwa, injini huvuta petroli na hewa haiingii kujaza nafasi yake. Tangi hupata utupu ndani, nalo huweza kupasuka na kuvuja. Mwaka 2014 magari mengine yapata 42,000 yaliitwa kwa sababu iyo hiyo. Twaona basi ya kuwa mrija ulioziba si usumbufu wa penye pampu tu. Waweza kuzaa moto.

Penye mkebe pana pia vali ndogo ya umeme, ambayo hufunga na kufungua njia ya hewa. Ikikwama imefungwa, dalili zake ni kama za mkebe ulioziba. Alama moja yaweza kutusaidia: tukifungua kifuniko cha tangi baada ya safari na kusikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu na kwa muda mrefu, yafaa kushuku mkebe, vali yake, au mrija wake. Kupumua kidogo siku ya jua kali si kitu.

Mwisho, katika matangi mengine pana vali penye mdomo wa tangi lenyewe, izuiayo petroli isirudi nyuma gari liinamapo. Ikivunjika au ikikwama, petroli hupita kwa taabu. Kuifikia aghalabu hutaka tangi lishushwe, na kazi hiyo tumwachie fundi.

MAMBO YA HATARI

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoweki juu; hutambaa chini, ukakusanyika mashimoni na chini ya gari, ukingojea cheche. Motokaa ya nyumba ina hatari iliyozidi gari jingine, kwa sababu ndani yake mna moto: friji nyingi huenda kwa mwali mdogo wa gesi, na vilevile mtambo wa maji ya moto na wa kupasha chumba. Mtu asimamaye nusu saa akipigana na pampu, huku mvuke ukirudi na petroli ikimwagika, yuko hatua chache tu kutoka katika mwali huo. Kwa hiyo, kabla ya kukikaribia kituo, mitambo yote ya gesi izimwe, na vali ya mtungi ifungwe. Injini izimwe, wala asivute mtu tumbako.

Tena mtu asikichomekee kishikio kitu ili kibaki kimebanwa, akaenda zake garini. Aingiapo na kutoka hukusanya umeme mwilini kwa kusuguana na kiti, na cheche moja ya kidole yatosha kuwasha mvuke. Asimame pale pale mpaka kazi iishe. Na kama hana budi kwenda, aguse kwanza chuma cha gari mbali na tundu kabla ya kuushika tena mdomo wa pampu.

Wakati wa kutengeneza, tangi liwe na petroli kidogo, na betri ifunguliwe. Asitumie mtu taa yenye mwali. Asivute petroli kwa mdomo, wala asipulize mirija kwa mdomo. Mrija ukishafunguliwa pande zote mbili, waweza kupulizwa kwa bomba la kujazia magurudumu. Bali hewa ya msukumo mkubwa isipelekwe kamwe ndani ya tangi, wala ndani ya mkebe. Na tangi lililokwisha mwagwa petroli lisikaribishwe moto wa kuchomelea, kwani mvuke uliobaki humo hulipuka vibaya kuliko petroli yenyewe.

NENO LA KUMWAMBIA FUNDI

Ikiwa kazi imetushinda, tusimwendee fundi na kumwambia tu kwamba tangi limeharibika. Tumweleze kama taabu ni ya kila kituo au ya kimoja. Kama pampu hujikata mwanzoni, katikati, au karibu na mwisho. Kama kuugeuza mdomo kulisaidia. Kama petroli hurudi juu. Kama hewa husikika kifuniko kifunguliwapo. Na kama gari lilikaa muda mrefu bila kazi. Taabu ikianza ghafula baada ya gari kukaa, wadudu hushukiwa kwanza. Ikiwa imekuwapo tangu siku ya kununuliwa, hushukiwa kazi ya yule mjenzi wa pili, yaani mpira mrefu wenye bonde. Ikiwa imezidi kidogo kidogo mwaka hata mwaka, hushukiwa mpira uliobanduka ndani au mkebe uliolowa. Fundi apataye habari hizi hujua pa kuanzia, na mwenye gari hulipa kwa kazi iliyotakiwa, si kwa kubahatisha.

Na baada ya kazi kwisha, tangi lijazwe mara moja mbele ya macho yetu, na kila kibano kitazamwe na kuguswa kama kikavu. Petroli ikiingia kwa mwendo mmoja, bila kutema, hata pampu ikajikata mara moja tu mwishoni, hapo twajua ya kuwa hewa imepata njia yake.